Waifai ya Dukani: Weka Mlinzi Getini Kabla Hujagawa Pasiwedi

Leo tuache kidogo mambo ya kupiga picha bidhaa na kupanga bei. Tuongelee kile kiboksi chenye taa kilicholala juu ya kabati dukani kwako. Rauta.

Jibu maswali haya matatu kimoyomoyo. Waifai ya dukani wanaitumia watu wangapi kwa siku? Kompyuta au simu yenye orodha ya wateja wako iko kwenye waifai hiyohiyo? Na pasiwedi ya kuingia ndani ya rauta yenyewe, siyo ile ya waifai, nani anaijua? Kama jibu la swali la tatu ni "fundi aliyefunga", basi soma hii mpaka mwisho.

Mimi nina duka la vifaa vya simu hapa Mpanda, na oda nyingi napata mtandaoni. Chuo sijakanyaga, niliishia kidato cha nne. Haya mambo nimejifunza usiku duka likifungwa, kwa kusoma maelekezo na kujaribu kitu kimoja kimoja. Kwa hiyo nitaongea kwa lugha ya dukani, siyo ya darasani.

KWA NINI HILI LINATUHUSU SISI

Wengi wetu Katavi tunauza vitu kwa watu ambao hatutawaona hata siku moja. Mwenye asali ya Inyonga anatuma Dar. Mwenye mchele wa Mwamkulu au Kakese anatuma Mwanza. Dada wa vitenge pale Makanyagio anapokea oda kutoka Sumbawanga na Tabora, mzigo unapanda basi au treni ya Kaliua, hela inaingia kwenye simu. Mteja hajawahi kufika dukani kwako. Anachokiamini ni ile namba yako, ile akaunti yako ya Instagram, na ule ujumbe wako wa WhatsApp unaosema "mzigo umeshapanda".

Sasa vyote hivyo vinapita kwenye kiboksi kile. Ukiibiwa kitenge kimoja utahesabu hasara ya kitenge kimoja. Ukiibiwa akaunti yenye wafuasi uliowatafuta miaka mitatu, mwizi anauza kwa jina lako, anakula hela za wateja wako, na wewe ndiye unayetukanwa.

MAMA MMOJA NA KAMERA YAKE

Kuna mama mmoja mfanyabiashara, jina naliacha. Alifungiwa kamera za CCTV na fundi mmoja, moja ikawekwa juu kabisa ya kaunta ili ione droo ya hela. Kazi ilikuwa safi, nyaya zimenyooka. Akaweka na waifai ya bure kwa wateja, pasiwedi imeandikwa kwenye karatasi ukutani. Wateja wakapenda, wanakaa, wananunua soda.

Siku moja kijana anayesubiri simu yake ijae chaji akamwambia, "Shikamoo mama. Samahani, mbona nakuona humu?" Akamgeuzia simu. Mama akajiona mwenyewe, kutokea juu, kilemba chake, mikono yake, simu yake. Kamera ilikuwa inaonyesha vidole vyake vinavyobonyeza namba ya siri ya kutoa hela.

Yule kijana hakudukua chochote. Simu yake ilikuwa na programu ya kutafuta vifaa vilivyo kwenye waifai, akaiona mashine ya kurekodi, akajaribu jina na pasiwedi ya kiwandani, ikafunguka. Bahati ya mama ni kwamba kijana alikuwa muungwana akasema. Swali lililomkosesha usingizi ni hili: kabla ya huyu, ni wangapi waliona wakanyamaza?

Alinipigia jioni hiyohiyo. "Mwanangu, njoo na vifaa vyako." Namba ya siri akabadilisha palepale, kabla hata sijafika. Tuliyoyafanya usiku ule ndiyo nayaandika hapa.

FAIAWOLI NI NINI HASA

Faiawoli ni mlinzi wa getini. Kila kitu kinachotumwa kwenye mtandao kinakatwakatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti. Kila pakiti imeandikwa imetoka wapi na inakwenda wapi, kama mzigo wa basi. Mlinzi ana daftari la maagizo. Pakiti ikifika anasoma daftari kuanzia juu kwenda chini. Agizo la kwanza linalofanana na pakiti ile ndilo analolifuata: apitishe au aitupe. Akishafuata hilo, hasomi tena ya chini.

Shika hapo. MPANGILIO WA MAAGIZO NDIYO KAZI YENYEWE. Ukiandika juu "pitisha kila mtu" halafu chini "mzuie fulani", lile la chini ni mapambo tu. Nimeona rauta yenye maagizo kumi na tano ambayo hata moja halifanyi kazi, kwa sababu la kwanza linapitisha wote.

Nitatumia mfano wa MikroTik, kwa sababu ndizo zinazotumiwa sana na wanaouza vocha za waifai mitaani kwetu, na ile ndogo ya hAP lite ina uwezo wote huu ninaousema. Kampuni yenyewe iko Latvia, huko Ulaya. Wenye rauta za aina nyingine msiondoke, nina sehemu yenu mbele.

KABLA HUJAGUSA SHERIA HATA MOJA

Moja. Badilisha pasiwedi ya kuingia kwenye rauta. Tengeneza mtumiaji mpya mwenye jina lako, mpe mamlaka kamili, halafu futa yule "admin". Pasiwedi iwe ndefu, sentensi ambayo wewe tu unaijua.

Mbili. Sasisha toleo la programu ya rauta. Hapa kuna historia ya kujifunza. Mwaka 2018 liligundulika tundu kwenye rauta za MikroTik: mtu aliye nje aliweza kusoma faili la pasiwedi kupitia poti 8291, ile inayotumiwa na programu ya Winbox. Kampuni ilitoa marekebisho mwezi Aprili mwaka huohuo. Watu hawakusasisha. Miezi michache baadaye rauta nyingi mno, kwa kuanzia Brazil, zikawa zimetekwa na kutumika kuchimba sarafu za kidijitali kupitia kompyuta za watu wasiojua lolote.

Haikuishia hapo. Mwaka 2021 likaibuka jeshi la vifaa vilivyotekwa lililoitwa Mēris, na nyingi ya rauta zake zilikuwa zilezile za 2018. Kampuni ikaeleza kwamba kusasisha peke yake hakutoshi: kama mtu alishaichukua pasiwedi yako mwaka 2018, tundu limezibwa lakini yeye ana ufunguo. Lazima ubadilishe pasiwedi, ukague faiawoli, na utafute kama kuna maagizo ndani ya rauta ambayo hukuyaweka wewe.

Ukinunua rauta iliyotumika, usiianze na mpangilio wa mwenzako. Irudishe kiwandani kwanza, halafu sasisha.

Tatu. Zima milango usiyotumia. Nenda "IP", halafu "Services". Utakuta orodha: telnet, ftp, www, ssh, api, api-ssl, winbox. Mwenye duka anahitaji winbox tu. Zima zilizobaki.

Nne. Bonyeza "Safe Mode" juu kushoto kwenye Winbox kabla hujaanza. Hii ni kamba ya kiunoni. Ukiandika sheria ikakufungia nje mwenyewe, muunganisho ukikatika, rauta inafuta yale mabadiliko na kurudi ilivyokuwa. Ukimaliza na kila kitu kinafanya kazi, bonyeza tena kutoka ili mabadiliko yabaki. Watu wanaosahau kutoka wanazima kompyuta, halafu asubuhi wanashangaa kazi ya usiku kucha imeyeyuka.

GAWANYA NYUMBA VYUMBA

Hapa ndipo wengi wanapokwama, hata mafundi. Vifaa vyote vikiwa kwenye waifai moja vinaongeana vyenyewe kwa vyenyewe bila kupita kwa mlinzi. Ni kama watu walio chumba kimoja: kuongea hawahitaji kwenda getini. Kwa hiyo unaweza kuandika sheria nzuri mia moja na bado yule kijana akaiona kamera. Kwanza jenga kuta, ndipo uweke mlinzi mlangoni.

Kwa duka dogo vyumba vitatu vinatosha:

- DUKA: simu yako ya biashara, kompyuta, printa ya risiti.
- WAGENI: wateja, majirani, na simu za wafanyakazi za matumizi yao binafsi.
- KAMERA: mashine ya kurekodi na kamera zake.

Chumba cha wageni unakitengeneza kwa kuongeza waifai ya pili yenye jina lake kwenye rauta hiyohiyo. Unaipa anuani zake, mfano 192.168.50.1, na unaiwekea DHCP yake ili simu zipewe anuani zenyewe. Kwenye mpangilio wa waifai ile, kwenye hAP lite, ondoa tiki kwenye "Default Forward". Hiyo inawazuia wageni kuonana wenyewe kwa wenyewe. Kamera unazitoa kwenye bridji ya duka na kuzipa poti yao ya waya yenye anuani zake.

SHERIA ZA KUINGIA NDANI YA RAUTA

Fungua "IP", "Firewall", "Filter Rules". Kuna minyororo mitatu. Sisi tunahitaji miwili. Wa kwanza unaitwa "input". Huu unahusu pakiti zinazokwenda kwa rauta yenyewe, yaani mtu anayetaka kuongea na mlinzi. Mpangilio wake kutoka juu:

1. Pitisha miunganisho iliyokwisha kuanza na inayohusiana nayo, yaani "established" na "related". Haya ni majibu ya maswali ambayo rauta iliuliza yenyewe.
2. Tupa "invalid". Pakiti zisizoeleweka zinatoka wapi.
3. Pitisha ICMP. Hii ndiyo ile ping, inasaidia kupima mtandao.
4. Pitisha DNS, poti 53 ya UDP na TCP, kutoka chumba cha wageni.
5. Tupa kila kitu kisichotoka chumba cha duka.

Usiruke ile namba 4. DNS ndiyo inayogeuza jina la tovuti kuwa anuani. Ukiisahau, wageni wataunganishwa vizuri, simu itaonyesha alama ya waifai, lakini hakuna ukurasa utakaofunguka. Utasumbuka nusu siku ukilaumu mtandao wa simu.

Na namba 5 isipokuwepo, unaacha DNS yako wazi kwa dunia nzima. Wahalifu wanatafuta rauta za hivyo ili wazitumie kushambulia watu wengine. Wewe unachoona ni bando linaisha na mtandao mzito.

Kuna kichochoro kimoja cha kuziba pia. Winbox inaweza kuingia kwenye rauta kwa kutumia namba ya MAC ya kifaa, na njia hiyo haipiti kwenye sheria hizi. Nenda "Tools", "MAC Server", uiruhusu kwa orodha ya duka tu.

SHERIA ZA KUPITA KATIKATI

Mnyororo wa pili ni "forward". Huu unahusu pakiti zinazopita kwenye rauta kutoka chumba kimoja kwenda kingine, au kwenda nje. Hapa falsafa yangu ni moja: zuia vyote, kisha ruhusu kwa jina. Kama daladala ya jeshini, huna kibali hupandi.

1. Pitisha "established" na "related".
2. Tupa "invalid".
3. Tupa kutoka wageni kwenda kwenye anuani ya rauta ya laini (naeleza chini).
4. Pitisha kutoka duka kwenda nje.
5. Pitisha kutoka wageni kwenda nje.
6. Pitisha kutoka duka kwenda kamera.
7. Tupa kila kitu kilichobaki.

Soma tena utaona hakuna mahali palipoandikwa "mzuie mgeni asione kamera". Haihitajiki. Mgeni akijaribu kwenda kamera, mlinzi anasoma 1 mpaka 6, hakuna linalomruhusu, linamkuta la 7. Kesho ukinunua kifaa kipya ukakiweka kwenye chumba kipya, kimezuiwa tayari mpaka utakapokiruhusu.

Utauliza, kamera haina sheria ya kwenda nje? Ndiyo, makusudi. Kama unataka kuangalia duka ukiwa Inyonga, ongeza sheria ya kuruhusu mashine ya kurekodi itoke nje, yenyewe tu, juu ya namba 7. Lakini USIKUBALI fundi akufungulie poti ili watu wa nje waingie kwenye kamera. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka kamera na mashine za kurekodi duniani kote kwa kujaribu orodha ya majina na pasiwedi za kiwandani kama 60 hivi tu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na Twitter na Netflix zikashindwa kufunguka kwa watu wengi. Silaha yenyewe ilikuwa kamera za watu za kawaida, kama ya yule mama.

SISI WA RAUTA YA LAINI

Wengi wetu hapa intaneti inatoka kwenye rauta ya 4G yenye laini ya simu, na MikroTik inachomekwa kwenye hiyo. Hapo kuna mambo mawili ambayo sijaona watu wakiyaongelea.

Kwanza, zima waifai ya ile rauta ya laini. Ukiiacha, mtu anajiunga kule na kumkwepa mlinzi wako kabisa. Umejenga geti la chuma pembeni ya uzio uliobomoka.

Pili, kwa macho ya MikroTik ile rauta ya laini iko "nje". Maana yake ukimruhusu mgeni kwenda nje, umemruhusu kufungua ukurasa wa mipangilio ya rauta ya laini. Ndiyo maana ya sheria namba 3. Angalia kibandiko chini ya rauta yako ya laini, anuani huwa ni kama 192.168.8.1 au 192.168.1.1. Weka hiyo kama mwisho wa safari, chanzo wageni, tendo "drop". Na sheria hiyo ikae JUU ya ile inayowaruhusu wageni kutoka. Ikikaa chini, ni mapambo.

Kuna anayesema, "Mimi natumia laini ya simu, sina anuani ya wazi ya intaneti, hakuna wa nje atakayenifikia." Mara nyingi ni kweli, makampuni ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anuani moja. Lakini yule kijana wa kamera hakutoka nje. Alikuwa ameketi kwenye benchi, na soda mkononi.

UNAKIMBIZWA NA BANDO?

Kama bando linaisha usiku wakati duka limefungwa, faiawoli inaweza kukusaidia kumjua mlaji. Kila sheria ina namba pembeni zinazoonyesha pakiti na baiti zilizopita. Funga duka, andika namba, asubuhi linganisha. Sheria ya wageni ikiwa imepanda na duka lilikuwa limefungwa, kuna jirani anakula. Ya duka ikipanda, kuna kifaa chako mwenyewe.

Angalia hasa vile visanduku vya Android vya kuangalia filamu, vya bei ya chee visivyo na jina. Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0: vifaa vya aina hiyo vilivyokutwa na programu mbaya ndani, vingine vikiwa nayo hata kabla ya kununuliwa, vikitumia intaneti ya mwenye nyumba kwa kazi za wahalifu. Kama unacho dukani, hakina sababu ya kukaa chumba kimoja na kompyuta ya oda. Kipeleke kwa wageni.

Jambo jingine: umeweka kikomo cha kasi kwa wageni na bado wanapaa? Angalia kama kuna sheria ya "fasttrack" juu kwenye "forward". Hiyo inazipitisha pakiti njia ya mkato ili rauta isichoke, na njia ya mkato haipiti kwenye kikomo cha kasi. Izime, kikomo kitaanza kufanya kazi.

Na kama rauta yako imewashwa IPv6, jua ina ukurasa wake wa sheria, "IPv6" halafu "Firewall". Sheria za ukurasa mmoja haziulindi mwingine. Kama huitumii, izime.

KUFUNGA TOVUTI

Naulizwa sana, "Kaka, nifungie tovuti za ngono na kamari kwenye waifai ya wageni." Tovuti karibu zote sasa zimefungwa kwa HTTPS, rauta ndogo haioni ndani. Njia nyepesi ni kutumia DNS inayochuja. Ukiweka 1.1.1.3 ya Cloudflare, inakataa tovuti za ngono na zenye programu mbaya. 1.1.1.2 inakataa zenye programu mbaya tu, na 9.9.9.9 ya Quad9 nayo ni hivyohivyo. Za kamari hazimo, hizo itabidi uziandike moja moja.

Lakini msidanganyike: simu yenye DNS binafsi iliyowashwa inaweza kuikwepa. Inapunguza, haimalizi.

Na kwa upande wa duka, kabla hujafunga TikTok kwa ajili ya mfanyakazi, kumbuka nusu ya wateja wako wanatokea hukohuko.

WASIO NA MIKROTIK

Rauta nyingi za kawaida hazina daftari refu la sheria, lakini zina haya: waifai ya wageni (iwashe, na hakikisha haioni mtandao wa ndani), faiawoli (iwe imewashwa), usimamizi wa mbali (zima), UPnP (zima, maana inaruhusu vifaa vijifungulie poti vyenyewe), WPS (zima), na pasiwedi ya msimamizi (badilisha). Ni kazi ya dakika ishirini. Hiyo peke yake ingemfunika yule mama.

AMBACHO FAIAWOLI HAIZUII

Hapa niwe mkweli. Mlinzi wa getini hazuii kitu ambacho wewe mwenyewe unakibeba mkononi kupeleka nje. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unapita kwenye laini, siyo kwenye rauta. Mtu akikupigia akijifanya wa huduma kwa wateja ukamtajia tarakimu zilizoingia kwenye simu yako, hakuna sheria ya "drop" itakayokuokoa. Ujumbe wa kitapeli utume 15040, ndiyo namba ya TCRA ya kuripoti. Na piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Washa uthibitisho wa hatua mbili WhatsApp na Instagram leo.

Kuna na upande wa sheria ya nchi. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo anayeingia kwenye mfumo wa mwenzake bila ruhusa ana kesi, hata kama pasiwedi ilikuwa rahisi. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Majina, namba za simu na mahali wanapoishi wateja wako ni taarifa binafsi. Ukizikusanya una wajibu wa kuzilinda, haijalishi una duka kubwa au unauza kutoka sebuleni Nsemulwa. Na kama unataka kuuza vocha za waifai, waulize TCRA kwanza habari ya leseni.

JARIBU KAMA MWIZI

Ukimaliza, usiamini kwa kuangalia. Chukua simu, jiunge na waifai ya wageni, halafu:

- Fungua WhatsApp. Ifunguke.
- Andika anuani ya rauta kwenye kivinjari, 192.168.88.1 kwa MikroTik nyingi. Isifunguke.
- Andika anuani ya rauta ya laini. Isifunguke.
- Andika anuani ya mashine ya kurekodi. Isifunguke.
- Hamia waifai ya duka, andika anuani ya kamera. Ifunguke.

Jaribio moja likigoma, rudi kwenye daftari usome kuanzia juu. Mara tisa kati ya kumi utakuta sheria sahihi imekaa mahali pasipo pake.

Yote yakikaa sawa, tengeneza nakala ya mipangilio, "Files" halafu "Backup", uihifadhi nje ya rauta. Umeme ukija na kishindo ukaiunguza, utanunua nyingine ya aina ileile na kurudi kazini kesho yake. Nakala iwe na pasiwedi, maana ndani yake kuna kila kitu.

Kama umelipa fundi, sawa, mafundi wazuri wapo na wanastahili hela yao. Ila kabla hajaondoka mwambie mambo mawili: "Nionyeshe sheria za forward kuanzia juu," na "Kaa hapo, naweka pasiwedi mpya mimi mwenyewe." Fundi mzuri atafurahi kukueleza. Akikunja uso, umeshajua.